Mngojeni Aliye Juu, Mimi Niko Chini Tayari

Desemba iliyopita tulikuwa Murang'a kwa shosho, familia nzima, ile ya kuchinja mbuzi na watoto sita kulala kitanda kimoja. Jioni stima ikapotea. Simu karibu zote zilikuwa zimebaki na chaji ya kuomba Mungu, kwa hivyo tukajikuta tumekaa jikoni tukizunguka moto kama watu wa kwa vitabu vya shule. Wadogo wakaitisha hadithi. Tata, dada mkubwa wa mathe, akasafisha koo, akaanza.

Ilikuwa ile ya msichana mrembo aliyekataa wanaume wote. Unaijua. Hata kama kwenu si Murang'a, kwenu kuna yenu. Huyu miguu yake ni myembamba, huyu hana mbuzi, huyu anacheka vibaya. Siku moja kwenye ngoma akatokea kijana mtanashati kutoka mbali, nywele zimeshuka hadi mabegani, na msichana akamfuata bila kuuliza ni wa ukoo gani. Njiani upepo ukapeperusha zile nywele. Kisogoni kulikuwa na mdomo wa pili, unadaka nzi. Irimu. Zimwi. Unajua kilichofuata, na Tata hakukipunguzia chumvi.

Alisimulia vizuri, hiyo sitamnyima. Lakini muda wote hakuwa anawaangalia watoto. Alikuwa anamwangalia binamu yangu.

Binamu ana miaka 27. Ana kazi, analipa nyumba yake mwenyewe, na mwaka huo alikuwa amemkataa mwanaume mmoja ambaye familia ilikuwa imeshampenda mpaka ikaanza kumwita kwa jina la utani. Tata alipomaliza akasema, "Na ndiyo maana msichana hafai kuwa na kiburi." Jikoni kote kicheko. Binamu naye akacheka, kwa sababu ungefanya nini? Ukinuna, umethibitisha.

Baadaye tulikuwa nje tukiosha sufuria kwa tochi ya simu yangu, na akaniuliza bila kuniangalia, "Hebu niambie. Kwa hiyo stori, anayekula watu ni nani?"

Nimekaa na hilo swali tangu siku hiyo. Kwa sababu enyewe, hebu fikiria. Kwenye ile hadithi kuna mtu mmoja tu aliyepanga njama. Mmoja tu aliyeficha mdomo wake, akadanganya, akaua. Na yeye si funzo! Hakuna siku nimemsikia mtu akimaliza kwa kusema, "Na ndiyo maana mazimwi hayafai kudanganya wasichana wa watu." Zimwi linachukuliwa kama hali ya hewa. Mvua hunyesha, zimwi hula. Mwenye makosa ni aliyetoka bila mwavuli.

Kabla hamjanijia hapa na ile ya "vijana wa siku hizi mmedharau utamaduni": nazipenda hizi hadithi. Nimelelewa nazo pande zote mbili, za shosho wa Murang'a na za dani yangu, mama yake mzee, wa Karachuonyo. Na hadithi ya mwenye kiburi kushushwa ni kati ya vitu bora ambavyo binadamu amewahi kutunga. Shida yangu ni moja. Hizi hadithi zilikuwa mshale wa kuwalenga walio juu. Mahali fulani njiani, wakubwa waliushika ule mshale, wakaugeuza, wakatuelekezea sisi.

Angalia methali tu. Aliye juu mngoje chini. Isome polepole. Inasema *aliye juu*. Haisemi aliyeko kwa bedsita Zimmerman na deni la Fuliza. Mimi ukiningoja chini utanipata hapa hapa, nimekaa, sijawahi kutoka. Sasa mbona kila ninapoinua kichwa kidogo niulize swali, hiyo methali inatolewa kabatini? Na wale walio juu kweli, wenye misururu ya magari na ving'ora, mbona wao wanaimbiwa?

Wacha niwape hadithi ya kiburi ilivyo ikiwa mzima, kabla haijageuzwa.

Karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la duara linaitwa Simbi Nyaima. Ukisimama juu yake unaona kitu cha ajabu: maji ya kijani, ya magadi, yamekaa ndani ya shimo kama chai kwenye kikombe, na hakuna mto unaoingia. Wakati mwingine kuna flamingo. Wanajiolojia watakwambia ni shimo la mlipuko wa volkeno, na wako sawa. Dani yangu naye atakwambia kulikuwa na kijiji hapo, na kwake yeye hizo habari mbili hazigombani.

Kijiji kilikuwa na sherehe. Pombe, nyama, ngoma mpaka asubuhi. Akaja bibi kizee mmoja, mchafu, amechoka, ameloa, hana mtu. Akaomba chakula na mahali pa kuota moto. Wakamcheka. Wakamfukuza mlango kwa mlango. Dani akifika hapo huwa anaigiza, anageuza uso na kupunga mkono kama mtu anayefukuza kuku, na ukimwangalia unamjua kabisa huyo mtu, umeshamwona, anafanya kazi kwenye ofisi fulani dirisha la pili. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemfungulia. Akampa chakula, akamkausha. Yule bibi akala, akamwambia: chukua watoto wako, toka hapa usiku huu. Kisha mvua ikaja, na si mvua ya kawaida. Asubuhi hapakuwa na kijiji. Kulikuwa na maji.

Sasa niambie, ni nani aliyeshushwa pale? Si kijana aliyeota ndoto kubwa. Si msichana aliyekataa bwana. Ni watu walioshiba. Ni kijiji kizima chenye mali na wazee wake na heshima zake, na kosa lao lilikuwa moja: walimwangalia mtu asiye na chochote, wakaona hakuna mtu pale. Hakimu alikuwa yule mwenye nguo zilizoraruka. Hiyo ndiyo hadithi ya kiburi. Hiyo ukiisimulia kwenye harambee, meza kuu inafaa kutetemeka.

Na si Simbi peke yake. Pwani wanasimulia Namrud, mfalme aliyebishana na Nabii Ibrahim akidai yeye ndiye anayehuisha na kufisha, kisha akamalizwa na mbu aliyeingia puani. Mbu! Si jeshi, si radi. Na wale mabwana wawili wakubwa wa porini, tembo na kiboko, ambao sungura aliwapa ncha mbili za kamba moja wakavutana mchana kutwa, kila mmoja akidhani anavutana na sungura. Hawakushindwa kwa sababu sungura ana misuli. Walishindwa kwa sababu hakuna aliyekubali hata kwa dakika moja kwamba kiumbe kidogo hivyo kinaweza kuwa na akili. Au Kobe na zile mbio zake. Shuleni tulifundishwa alishinda kwa bidii na subira, ile ya Wagiriki. Lakini kwenye matoleo mengi ya Kiafrika, Kobe hakushinda kwa bidii yoyote, manze. Alipanga jamaa zake njia nzima, wote sura moja, na kila mwenye mbio akiita "Kobe uko wapi?" anajibiwa mbele yake, "Niko hapa." Wadogo walijipanga. Mwenye kujiona akakimbia mpaka akaishiwa pumzi. Sijui ni nani aliamua watoto wa shule wasiambiwe hiyo.

Ile ya Icarus ndiyo nilipigwa nayo mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumelipa pesa za safari ya tamasha za drama, safari ikafutwa, na muhula mzima ukapita kimya. Siku moja mwalimu mmoja mkubwa alipouliza kwa paredi kama kuna mwenye swali (kosa lake), niliinua mkono nikauliza zile pesa zinarudishwa lini. Sikumtukana mtu. Nilianza hata na "samahani, mwalimu". Akatabasamu, akaiambia shule nzima hadithi ya kijana wa Kigiriki aliyepewa mabawa ya nta, akaambiwa asiruke juu sana, akajiskia, akalikaribia jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini akafa. Halafu akaniangalia. Shule nzima ikaniangalia. Kwa miezi miwili jina langu lilikuwa Nta.

Pesa hazikurudi.

Miaka baadaye nikanunua kitabu kilichotumika kando ya barabara mjini, *Metamorphoses* cha Ovid, mshairi wa Rumi, kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Nilikinunua kwa sababu ya jalada, nisidanganye. Icarus yuko kitabu cha 8. Nikasoma, nikaanza kuchemka. Kwa sababu kwanza, kwa nini wana mabawa? Hakuna aliyeniambia pale paredi kwamba Daedalus na mwanawe walikuwa wamezuiliwa Krete na mfalme Minos. Bahari imefungwa, nchi kavu imefungwa, imebaki hewa tu. Hawakuwa wanaringa, walikuwa wanatoroka! Pili, baba hakumwambia mtoto asiruke juu sana. Alimwambia mambo mawili: usiruke juu sana, jua litayeyusha nta, na *usiruke chini sana*, maji ya bahari yatalowesha mabawa yawe mazito. Nusu ya onyo ilikuwa imekatwa. Na ukifikiria sana utaona ni nusu ipi ilibaki, na ilibaki kwa faida ya nani. Mwalimu wangu alikuwa na kila sababu ya kutaka nipepee karibu na maji.

Lakini iliyonimaliza kabisa iko kitabu cha 6. Inaitwa hadithi ya Arachne, na popote utakapoikuta imefupishwa, utaambiwa: binti mwenye kiburi alishindana na mungu wa kike kufuma, akageuzwa buibui. Mistari miwili, kwisha. Nipe dakika nikueleze kilichomo.

Arachne hakuwa na jina wala ukoo. Baba yake alikuwa mtu wa kupaka rangi sufu. Alichokuwa nacho ni mikono. Alifuma vizuri mpaka watu walitoka mbali, si kuona nguo tu, hata kumwona akifanya kazi. Wakasema lazima amefundishwa na Minerva, yule Wagiriki wanamwita Athena. Akasema hapana, na kama anabisha aje tushindane. Minerva akaja amejigeuza kikongwe, akamshauri aombe msamaha, na Arachne akamjibu yule kikongwe vibaya, akamwambia uzee umemharibu akili. Hapo alikosea. Simtetei. Mtu mzima amekuja kwako na fimbo, hata kama humkubalii, unamkaribisha.

Shindano likaanza. Minerva akafuma miungu wameketi kwenye viti vyao, wamependeza, na kwenye pembe nne akaweka picha za watu walioadhibiwa kwa kujilinganisha na miungu. Ujumbe umefika. Arachne naye akafuma kitu kingine: orodha ya miungu hao hao wakijigeuza ng'ombe, bata maji, mvua ya dhahabu, ili wawahadae wanawake na kuwadhulumu. Mmoja baada ya mwingine. Kwa uzi.

Na sasa sikiza mahali pale ambapo muhtasari hauna. Ovid anasema kazi ya Arachne haikuwa na kasoro. Minerva mwenyewe hakuona dosari. Hata Wivu, angekuja kama mtu, asingeona. Kwa hivyo Minerva hakushinda. Alikasirika, akaichana ile nguo, akachukua chombo cha kufumia, akampiga msichana kipajini, tena na tena. Arachne hakuvumilia, akajitia kitanzi, na Minerva akamgeuza buibui, ati kwa huruma.

Je, hiyo ni hadithi ya kiburi kushushwa? Ni kweli kuna kiburi mle ndani. Lakini mwenye kiburi alikuwa na jina kubwa, na hakushushwa. Aliyepigwa alipigwa kwa sababu alisema ukweli kwa ustadi mbele ya watu, na ukweli ule haukuweza kujibiwa. Ukikosa jibu, unachana.

Ovid mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko alivyotaka. Mwaka wa 8 baada ya Kristo, Kaisari Augustus alimfukuza Rumi akampeleka Tomis, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi ambao leo ni Constanța, Romania. Aliandika kuwa mambo mawili ndiyo yaliyomponza: shairi, na kosa fulani ambalo hakulitaja. Alibembeleza miaka yote iliyobaki. Hakurudishwa. Alifia huko.

Ndio maana nasema, mtu akikuletea hadithi ya kiburi, usiulize tu nani alianguka. Uliza nani alimwangusha, na alikuwa analinda nini.

Juni 2024 tulipotoka barabarani kuukataa Mswada wa Fedha, mnakumbuka tuliitwaje? Hatuna adabu. Tumeharibiwa na simu. Tunajiskia. Watu waliokuwa wakipandisha bei ya kuishi walituita sisi wenye kiburi! Tarehe 26 mwezi huo, Rais akatangaza hatautia sahihi mswada, lakini kufikia siku hiyo kulikuwa na wazazi ambao watoto wao hawakurudi nyumbani. Sina mzaha wowote hapo. Ninataka tu mkumbuke lile neno, na lilivyotumika, na nani alilitumia.

Hata ile "kiburi si maungwana" tunayoandikiwa kwa komenti ina historia yake. Pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Sasa jiweke pale kama mtumwa. Kuinua kichwa ni kiburi. Kujibu ni ujeuri. Kwa mtu aliyekumiliki, uzima wako wenyewe ni majivuno.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Lakini vijana wana kiburi kweli." Sawa. Wacha nikujibu kabla hujamaliza, kwa sababu nina mfano mzuri sana na mfano ni mimi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya M-Pesa. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anamwomba yule dada wa duka amsomee meseji yake. Akasomewa. Akaomba tena. Akasomewa. Akaomba mara ya tatu, na akaigeuza simu juu chini. Nikamrekodi. Nikaweka maneno ya kuchekesha na muziki, nikaposti. Ilitembea kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kutengeneza. Nilikuwa naamka usiku kuangalia namba. Siku ya tatu nikapata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Huyo ni baba yangu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hajui yuko kwa simu za watu. Tafadhali."

Niliifuta, lakini wengine walikuwa wameshaichukua. Mpaka leo huwa inatokea mahali, na muziki mwingine.

Hakuna radi iliyonipiga, na sikugeuzwa mdudu. Lakini nikikumbuka dani yangu akipunga mkono kama anayefukuza kuku, najua nilikuwa kijiji gani siku ile. Kwa hivyo usiniambie sijui kiburi ni nini. Najua, na najua hakina uhusiano wowote na binti kusema "huyu mwanaume simtaki". Hakina uhusiano na mwanafunzi kuuliza pesa. Lugha yetu inajua tofauti: kuna kujiamini, kuna maringo (na maringo kidogo siku ya Ijumaa hayajaua mtu), halafu kuna kiburi, na kiburi kinahitaji mtu mwingine awe chini ya miguu yako. Bila huyo mtu, hakuna kiburi, kuna kijana tu anayejipenda.

Na waliotunga vizuri walijua mahali pa kuelekeza kidole. Karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga *Al-Inkishafi* kuhusu Pate, mji uliokuwa na majumba ya matajiri, taa na vyombo vya kaure, kisha ukabaki magofu ya popo na bundi. Kwa Kiswahili sidhani kuna utungo mzito zaidi kuhusu fahari iliyoanguka. Na anamsema nani? Anauambia moyo wake mwenyewe. Shairi lote, anauhoji moyo wake. Hakuita vijana wa Pate akawakalisha chini. Ningependa sana mtu mzima mmoja, mmoja tu, anisimulie hadithi ya kiburi akianza na moyo wake.

Turudi kwa msichana na zimwi, maana naye kuna mtu aliwahi kumtetea. Ama Ata Aidoo wa Ghana, aliyefariki 2023, aliichukua hadithi hii hii, kwa sababu kwao pia ipo, akaandika tamthilia *Anowa*, iliyotoka 1970. Anowa anakataa wachumba, anajichagulia mume, na kijiji kinangoja aanguke. Mume anatajirika. Na utajiri unatoka wapi? Ananunua watumwa. Anowa peke yake ndiye anayesema hii ni makosa, na kwa hilo anaonekana mwenye wazimu. Haishi vizuri, nisikudanganye, hakuna harusi mwishoni. Lakini ukimaliza unaelewa kwamba kile walichokiita kiburi tangu akiwa msichana, ule ugumu wa kusema "hapana" wakati wote wanasema "ndiyo", ndicho kitu pekee kwenye nyumba ile kilichomwona mtumwa kama mtu. Ungekivunja akiwa mdogo, asingebaki hata mmoja wa kusema.

Nilimtumia binamu hayo yote kwa sauti za WhatsApp, kumi na moja, akanijibu "umekunywa?" Lakini ya Simbi aliipenda. Akataka niirudie.

Pasaka tukarudi Murang'a. Stima ilikuwako, lakini watoto wakaitisha hadithi tu, na kabla Tata hajasafisha koo, binamu akasema yeye ana moja. Akawasimulia Simbi Nyaima. Hakuipata yote sawa, aliongeza mbwa ambaye dani hamjui. Lakini alipofika pale pa kufukuzwa mlango kwa mlango, watoto walinyamaza kabisa, na shosho akaacha kumenya viazi.

Alipomaliza, Tata alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Huyo mwanamke aliyemfungulia mlango, alikuwa ameolewa?"

"Alikuwa ameolewa, Tata," binamu akasema. "Mume aliambiwa watoke, akasema anamalizia pombe kwanza."

Shosho ndiye alianza kucheka.